Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Mkurugenzi wa Jiji

Tangu nistaafu, vijana wa vyuo, majirani na hata madiwani wapya hunijia na maswali yaleyale. Nilianza kazi nikiwa mtendaji wa kata, nikapanda hadi kuwa mkuu wa Idara ya Mipango na Uratibu katika jiji mojawapo la Tanzania Bara, na mara kadhaa nilikaimu ukurugenzi. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Yanahusu Bara tu, maana Zanzibar ina sheria yake na mpangilio wake.

Mkurugenzi na Meya, nani mkubwa?

Meya ni diwani. Wananchi wa kata yake wamemchagua, kisha madiwani wenzake wakamchagua awe mwenyekiti wa Baraza. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais. Ni mtumishi wa umma na mtendaji mkuu wa jiji, na ndani ya Baraza ni katibu: anaandaa kabrasha, anasimamia muhtasari, anajibu hoja, lakini kura hana. Msingi wa mpangilio huu ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, na juu yake zipo ibara za 145 na 146 za Katiba.

Siku ya kikao utamwona Mstahiki Meya amevaa joho na mkufu, watu wote wamesimama akiingia. Lakini Meya huyo hawezi kuidhinisha malipo ya rimu moja ya karatasi. Mkurugenzi naye hawezi kupandisha ushuru wa soko kwa shilingi mia bila Baraza kupitisha. Ndivyo sheria ilivyotaka, kila mmoja amshike mwenzake mkono. Jiji linapoharibika, mara nyingi ni kwa sababu mmoja wao amesahau hilo, au wote wawili wamekubaliana kulisahau.

Na Mkuu wa Wilaya anaingia wapi?

Mkuu wa Wilaya anaiwakilisha Serikali Kuu na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama. Hakai kwenye Baraza kama mjumbe. Ila akifanya ziara na kukuta zahanati haina maji, simu anampigia Mkurugenzi. Mkuu wa Mkoa vilevile, na Katibu Tawala wa Mkoa ndiye anayefuatilia kila siku kwa niaba ya OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Juu yao kuna wizara za sekta: afya, elimu, ardhi. Wote hao wana haki ya kuuliza, na wote wanataka jibu leo.

Majiji yako mangapi, na jiji lina tofauti gani na manispaa?

Bara kuna halmashauri 184, na kati ya hizo majiji ni sita: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, mwaka mmoja baada ya kuvunjwa kwa CDA, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu tangu 1973. Dar es Salaam ina historia ndefu zaidi: Februari 2021 halmashauri ya jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Ndiyo maana mkazi wa Temeke au Ubungo yuko Dar es Salaam lakini mkurugenzi wake ni wa manispaa. Kazi yenyewe ya ukurugenzi ni ileile. Kinachobadilika ni ukubwa wa fedha, wingi wa watu na idadi ya macho yanayokutazama.

Naweza kuomba kazi hii?

Hapana, haitangazwi. Ni uteuzi. Wengi niliowafahamu walitoka kwenye ukuu wa idara, wengine kwenye sekretarieti za mikoa au wizarani, na wapo walioteuliwa kutoka nje ya utumishi kabisa. Kazi unayoweza kuomba ni ile ya chini yake: afisa mipango, mhasibu, mwanasheria, afisa utumishi, mtendaji wa kata. Hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira.

Mkuu wa idara ndiye mtendaji mkuu wa kweli wa jiji, ingawa jina lake halitokei redioni. Mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa taarifa ya saa mbili usiku, na asubuhi mwingine akaripoti. Mweka Hazina, Mwanasheria wa Jiji, Mganga Mkuu na Afisa Utumishi ndio wanaojua kiwanja fulani kina kesi gani na deni la mkandarasi fulani lilianzia wapi. Nilipokuwa nakaimu sikuwa na ujuzi mpya wowote kuliko wiki iliyotangulia. Nilikuwa na jina langu tu chini ya barua.

Siku ya kazi inakuwaje?

Inaanza na foleni mbili. Moja iko kwenye benchi la nje: mama aliyevunjiwa kibanda, mwalimu anayedai fedha za uhamisho, mkandarasi, mwenyekiti wa mtaa, wazee wa kanisa na msikiti waliogombania mpaka wa eneo. Ya pili ipo mezani: majalada kutoka masijala, ofisi inayotunza kumbukumbu, kila moja na dokezo lake. Katikati ya foleni hizo kuna kikao cha menejimenti, simu ya mkoani, na kikao cha mtandao cha wizara kilichotangazwa jana usiku.

Mgeni wa kazi hii hudhani foleni ya benchi ndiyo kazi na majalada ni usumbufu. Nami nilidhani hivyo nikiwa mtendaji wa kata, nikijiona mtu wa watu. Kilichonibadilisha ni mzee mmoja aliyekuwa akidai fidia ya shamba lililochukuliwa kwa ajili ya shule. Alikuja ofisini kwetu kwa karibu miaka mitatu. Kila mara alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akapewa maneno mazuri, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Sheria inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba, kwa hiyo deni lake lilikuwa linakua huku yeye akikopa nauli ya daladala. Siku tulipokaa kulitafuta jalada lake kwa dhati, tukakuta idhini ya malipo ilishatolewa zamani. Karatasi ilikuwa imefungwa kwenye jalada la mtu mwenye jina linalofanana. Hakuna aliyemchukia yule mzee, wala hakuna aliyeomba rushwa. Folio moja, yaani karatasi moja ya jalada, ilikaa mahali pasipo pake, na sisi sote tulikuwa hodari wa kumpa kiti.

Tangu siku hiyo nilianza kupita masijala kila Ijumaa mchana. Niliwaomba wahudumu wanionyeshe majalada yaliyokaa mezani kwa mtu zaidi ya siku tano. Sikujua njia nyingine ya kumwomba yule mzee msamaha.

Mkurugenzi huitwa "afisa masuuli". Neno hilo lina maana gani?

Maana yake ni kwamba fedha zikipotea, anayeulizwa ni wewe kwa jina lako. Zimepotea mikononi mwa mhasibu, au kwenye mashine ya POS ya mkusanya ushuru ambaye hujawahi kumwona, bado utaulizwa wewe. Mkaguzi wa Ndani atakuandikia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) atakuandikia. Ukishindwa kujibu hoja utaitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, na pale swali linaulizwa mbele ya kamera.

Kwa hiyo Mkurugenzi anayesaini bila kusoma hajiokolei muda. Hati ya malipo ina viambatisho: mkataba, cheti cha kazi iliyofanyika, taarifa ya kamati ya mapokezi. Siku hizi malipo yanapita kwenye mfumo wa MUSE na manunuzi kwenye NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na mifumo hii imeziba mianya mingi sana. Lakini mfumo hauendi eneo la kazi kuangalia kama mtaro umechimbwa. Niliwahi kupanda pikipiki kwenda kutazama mtaro uliokuwa umeshathibitishwa kwa saini tatu. Nilikuta nusu yake tu.

Fedha za jiji zinatoka wapi?

Kuna fungu la Serikali Kuu, ambalo hulipa mishahara na sehemu kubwa ya miradi ya sekta. Kuna fedha za wahisani na mikopo, kama mradi wa TACTIC unaojenga miundombinu ya miji mingi. Na kuna mapato ya ndani. Haya ya mwisho ndiyo yanayompa Mkurugenzi usingizi au kumnyima.

Katika jiji, mhimili wa mapato ya ndani ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulitozwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni na wafanyabiashara. Zinafuata leseni za biashara, ushuru wa nyumba za wageni, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na stendi, na mabango. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 unakatwa ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Wananchi wengi bado wanatufokea sisi kuhusu kodi hiyo.

Ushuru wa huduma una ugumu wake. Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam ina tawi Mbeya, na hesabu za mauzo zote zinaonekana Dar es Salaam. Afisa wa Mbeya atapataje haki yake? Kwa kufuatilia ankara moja baada ya nyingine, kwa barua, kwa kukaa chini na mhasibu wa kampuni. Ndiyo kazi isiyopigwa picha. Timu nzuri ya mapato hushinda ofisini na makabrasha ya mauzo. Timu dhaifu hushinda barabarani ikimkimbiza mama wa nyanya, kwa sababu mama wa nyanya hana mhasibu. Nimeona zote mbili, na takwimu za mwisho wa mwaka hazikuwahi kuipa ushindi ile ya barabarani.

Barabara ya mtaani kwetu ni mbovu. Kwa nini Mkurugenzi hafanyi kitu?

Kwa sababu tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala uitwao TARURA, zile kuu ziko kwa wakala mwingine, TANROADS, na maji yako kwenye mamlaka yake. Mkurugenzi anaweza kuandika, kuomba na kusukuma. Baraza linaweza kumwita meneja wa TARURA aeleze, na mara nyingi humwita. Lakini greda si lake. Mweleze diwani wako, na umuulize kama barabara hiyo imo kwenye orodha ya vipaumbele vya kata. Kama haimo, hapo ndipo pa kuanzia.

Mikopo ya asilimia kumi inatolewaje?

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Jambo hili liliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, kisha ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, ambapo baadhi ya halmashauri hupitishia benki.

Mimi naipenda sana fedha hii. Nimeona kikundi cha wasioona kikinunua mashine za kufyatua matofali na kuajiri wenye macho. Nimeona pia kikundi cha watu watano ambao hawakuwa wakijuana majina. Tofauti ilianzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: alikwenda kuwatembelea kabla ya mkopo, au alijaza fomu akiwa mezani? Ukiwa Mkurugenzi na huna fedha ya mafuta ya pikipiki za maafisa hawa, usitegemee marejesho.

Madiwani wanagombana na wataalamu kila siku. Ni kweli?

Hugombana, na ugomvi mwingine ni wa afya. Diwani anaishi na wananchi wake. Anajua kisima kilikauka lini. Mtaalamu ana mchoro na bei. Diwani akisema "Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa hii si ya kweli, mimi nimetoka huko leo asubuhi", msikilize. Mara nyingi amesema kweli. Nilijifunza kutompeleka mkuu wa idara yeyote kwenye Baraza na taarifa ya mradi ambao hajaukanyaga kwa miguu yake.

Ugomvi mbaya ni ule wa zabuni, viwanja na posho. Hapo Mkurugenzi hana budi kuwa na uso mkavu. Lakini uso mkavu hauna maana ya mdomo mchafu. Kumjibu diwani kwa dharau mbele ya wenzake ni kosa ambalo litakugharimu hadi mwisho wa Baraza hilo, yaani miaka mitano. Mwite kabla ya kikao, mwekee chai, mwonyeshe kifungu. Niliona bajeti nzima ikikwama kwa sababu mtaalamu mmoja alisema "nyinyi hamuelewi". Tulilipia maneno hayo mawili kwa vikao vitatu vya ziada.

Yupo pia anayeulizia Kenya, kwamba huko hawana Meya. Ni kweli: tangu serikali za kaunti zilipoanza 2013, baadhi ya majiji yao huendeshwa na bodi na meneja chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Wenzetu wana mivutano yao, kati ya bodi na gavana.

Kiongozi mkubwa akitoa agizo hadharani ambalo halimo kwenye bajeti, unafanyaje?

Hili ndilo ninaloulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo ninalotaka kulijibu kwa sauti ya juu.

Ziara imefika. Wananchi wamejaa. Kero inatolewa, kiongozi anageuka: "Mkurugenzi yupo? Simama. Hapa pajengwe kituo cha afya, miezi mitatu nataka kuona." Watu wanapiga makofi. Wewe umesimama, unasema "Nimepokea, Mheshimiwa."

Kosa la kwanza ni kukaidi. Kiongozi ameona shida ya kweli, na wananchi wamesikia. Kosa la pili, kubwa zaidi, ni kwenda kuchota fedha kwenye kifungu kingine usiku huohuo ili uonekane mchapakazi. Fedha za vitabu vya shule zikienda kwenye msingi wa kituo cha afya, mwaka ujao mkaguzi hatamuuliza kiongozi. Atakuuliza wewe, na mtoto aliyekosa kitabu hatamuuliza yeyote.

Niliwahi kuwa chini ya mkurugenzi mmoja, mama mtulivu sana, ambaye alikuwa na desturi moja. Msafara ukiondoka tu, kabla hajala, alikaa na katibu muhtasi wake na kuandika barua: "Rejea maelekezo yako ya tarehe fulani. Utekelezaji unahitaji kiasi hiki. Fedha hazimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Napendekeza njia zifuatazo." Kisha dokezo kwa Mweka Hazina, kisha ajenda kwa Kamati ya Fedha na Uongozi. Barua ilikuwa fupi na ya heshima. Katika miaka niliyokuwa naye, sikuona kiongozi aliyekasirika kwa sababu ya barua zile. Wengine walitafuta fedha wenyewe baada ya kuona hesabu. Agizo la mdomo likishawekwa kwenye karatasi, linageuka kuwa mpango au linajionyesha kuwa haliwezekani, na yote mawili yanamsaidia mwananchi kuliko makofi.

Wakurugenzi wawili niliowafahamu walipata matatizo makubwa kwa kutoandika. Hawakuwa wezi. Walikuwa na hofu.

Jiji likipata hati safi ya ukaguzi, maana yake hakuna wizi?

Hapana. Hati inayoridhisha ina maana kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Mradi unaweza kuwa umelipwa sawasawa na ukawa hauna faida kwa mtu. Soma hoja zilizoambatana na hati, hasa zile za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa. Ripoti ya CAG hutolewa kila mwaka na iko wazi. Tafuta jina la halmashauri yako.

Kazi ngumu kuliko zote uliyowahi kuifanya ni ipi?

Wengi hutarajia niseme kuwaondoa machinga, na nitafika huko. Lakini kwangu ilikuwa madarasa ya mwishoni mwa 2021. Serikali ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20, yakamilike kabla ya muhula wa Januari. Tulijenga kwa force akaunti, yaani mafundi wa mtaani na kamati za shule zikinunua vifaa. Sasa fikiria kila shule ya nchi inatafuta fundi, saruji na nondo kwa wiki zilezile. Bei ya mchanga ilipanda tukiwa tunaandika oda. Mafundi walihama usiku kufuata aliyeongeza elfu tano. Tulikuwa na walimu wakuu, watu wa chaki maisha yao yote, wanaotia saini za kupokea nondo na kuniuliza kwa simu tofauti ya milimita 12 na 16.

Tulimaliza. Januari nilikwenda shule moja ya pembezoni, nikakuta wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajabanana, na mwalimu mkuu akanishika mkono asiniachie. Baadaye zilikuja hoja za ukaguzi kuhusu stakabadhi ambazo walimu wale hawakuzitunza, na nilizijibu moja moja kwa miezi. Ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningempa kila mwalimu mkuu karani wa stakabadhi siku ya kwanza, kabla hata ya tripu ya kwanza ya mchanga.

Na machinga?

Mwaka 2021 miji mingi ilipanga upya wafanyabiashara wadogo, na wapo walioondolewa kwa ustaarabu na wapo walioamka wakakuta meza zao zimevunjwa. Machinga hafuati jengo, anafuata miguu ya watu. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilikamilika mwaka 2010, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikaa bila wachuuzi kwa sababu wateja hawakupita. Dodoma walipojenga soko la wazi la machinga, walilisogeza karibu na njia za watu, wakaweka na huduma humohumo.

Kabla ya kumhamisha mtu, kaa kwenye eneo jipya saa kumi na mbili jioni uhesabu wapita njia. Ongea na viongozi wao, wana uongozi na wana daftari. Hamisha stendi ya daladala kwanza, wao watafuata. Na mgambo wasiende peke yao bila afisa biashara. Mgambo hana jibu la swali "niende wapi?", na swali lisipopata jibu ndipo mawe huanza.

Ni kweli Mkurugenzi husimamia uchaguzi?

Kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa wenyeviti wa mitaa na vijiji uliofanyika mara ya mwisho 27 Novemba 2024, ndiyo, ndiye msimamizi. Jambo hili limebishaniwa sana mahakamani na kwenye siasa, na naelewa sababu: mteule wa Rais akisimamia uchaguzi wenye chama cha Rais, anayeshindwa atauliza. Mimi naona kazi hii ingeondolewa mabegani mwa wakurugenzi ingewasaidia wao wenyewe. Mwezi wa uchaguzi majalada mengine yote hulala.

Halmashauri zina faida gani? Kwa nini Serikali Kuu isiendeshe miji moja kwa moja?

Tulishajaribu. Kuanzia 1972, kwenye mpango wa madaraka mikoani, halmashauri zilifutwa na kazi zao zikapelekwa kwa maofisa wa Serikali Kuu. Miji ilichafuka, mifereji ikaziba, na kipindupindu kilipoingia miaka ya 1977 na 1978 kilikuta hakuna mwenye dhamana ya taka. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurejeshwa, sheria mpya zikatungwa 1982, na kufikia 1984 mfumo ukasimama tena. Upande wa pili nao tumeuona: mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa kwa kushindwa kazi, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikaendesha jiji hadi 2000. Tume ile ilisafisha mji, wazee wa Dar bado wanaikumbuka kwa wema. Lakini kwa miaka hiyo yote hapakuwa na diwani wa kumfuata.

Familia inaishije na kazi hii?

Inahama, au inabaki nyuma. Uhamisho unakuja bila kuaga. Mke wangu alikuwa mwalimu, na mara mbili alibaki na watoto ili wamalize mtihani. Kila mwaka kufikia tarehe 31 Desemba mteule hujaza tamko la rasilimali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili, pamoja na mali za mwenza, kwa hiyo zungumzeni nyumbani mapema. Ndugu nao watataka kiwanja. Nilijifunza kumwambia shangazi yangu: "Shangazi, viwanja vinatangazwa, fomu nitakununulia mimi kwa fedha yangu." Alinuna mwaka mzima. Kisha akaomba fomu.

Nikimwandikia Mkurugenzi barua, itamfikia?

Itamfikia ukiifanyia haya. Ielekeze kwa cheo, "Mkurugenzi wa Jiji", usiandike jina la mtu, maana mtu huhama. Anza kupitia ofisi ya mtaa na ya kata, nao waweke maoni na muhuri. Jambo moja, barua moja. Ukiwa na kero ya maji taka na ya kiwanja, andika mbili, kwa sababu zitaenda kwenye majalada mawili. Weka namba ya simu inayopatikana. Peleka masijala mwenyewe ukiwa na nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uombe kumbukumbu namba ya jalada. Iandike nyuma ya nakala yako.

Ukirudi baada ya wiki mbili, usiseme "nimekuja kufuatilia suala langu". Taja namba hiyo, na uulize jalada liko kwa nani.